Gari Linaporudi kwa Mkaguzi

Gari likifeli ukaguzi wa usalama nchini Uingereza, likatengenezwa na kurudishwa kesho yake, mkaguzi haanzi nalo upya kuanzia taa za mbele hadi bomba la moshi. Hushika orodha ya kasoro zilizoliangusha jana, akaziangalia hizo, na akiridhika gari huondoka na cheti cha mwaka mzima. Kuhusu utaratibu huu watu wamegawanyika mafungu mawili. Wapo wanaouona kuwa ni uzembe uliohalalishwa: vipi gari lililoonekana lina ubovu jana lipewe cheti leo kwa kuangaliwa sehemu tu? Na wapo wanaodhani neno “limepita” kwenye cheti cha marudio lina maana kwamba gari lote limechunguzwa siku ile na kuonekana safi. Naona wote wamekosea, ila kosa la hawa wa pili ndilo linalowatoa watu hela mfukoni. Marudio hukagua kazi ya fundi. Ukaguzi wa gari lenyewe ulikwisha siku ya kwanza, na matokeo yake yamo kwenye karatasi ya kufeli. Anayetaka kulijua gari na aisome karatasi hiyo kabla ya cheti.

Ukaguzi wenyewe unaitwa MOT, herufi zilizobaki kutoka jina la zamani la wizara ya uchukuzi ya huko. Ulianza mwaka 1960, waziri akiwa Ernest Marples, kwa magari yaliyotimiza miaka 10, nao uliangalia breki, taa na usukani basi. Kufikia mwaka 1967 umri wa kuanza kukaguliwa ulikuwa umeshushwa hadi miaka 3, na ndivyo ulivyo leo England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini gari huanza likiwa na miaka 4. Katika zile tatu za kwanza kazi hii hufanywa na gereji binafsi zaidi ya 20,000 zenye kibali cha wakala wa serikali unaojulikana kwa herufi DVSA, na ada ya gari dogo haiwezi kuzidi pauni 54.85. Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro zimewekwa katika madaraja matatu: ya hatari, kubwa na ndogo. Mbili za kwanza huliangusha gari. Ndogo huandikwa tu, kama zinavyoandikwa tahadhari za vitu vinavyokaribia kuisha, na gari hupita. Lenye kasoro ya hatari halitakiwi kuingia barabarani mpaka litengenezwe, na dereva anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Kwa kuwa karibu magari 3 kati ya 10 hufeli mara ya kwanza, taa, springi na viungo vyake, breki na tairi zikiwa ndizo sababu kuu, marudio ni shughuli ya mamilioni ya magari kila mwaka.

Kanuni za kurudi zimefungwa kwa muda na mahali. Gari likiachwa palepale lilipofelia, likatengenezwa na kukaguliwa tena ndani ya siku 10 za kazi, mwenye gari halipi ada nyingine ya ukaguzi. Akiliondoa akalipeleka kwa fundi wake, kisha akalirudisha kwenye kituo kilekile kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, halipi pia, ila kwa kasoro za aina fulani tu zilizoorodheshwa. Akichelewa zaidi ya hapo lakini akawahi ndani ya siku 10 za kazi, hulipa sehemu ya ada. Siku 10 zikipita, au akienda kituo kingine, ni ukaguzi mzima na ada nzima. Nafuu hii hutolewa mara moja tu kwa kila ukaguzi kamili, kwa hiyo huwezi kurudi na gari lilelile kila Jumatatu ukibahatisha. Mipaka hii ndiyo inayouhalalisha ufinyu wa marudio. Mkaguzi anaweza kuamini alichokiona kwenye springi wiki iliyopita kwa sababu springi haichakai kwa siku 10. Baada ya miezi mitatu asingekuwa na haki ya kuamini hivyo, na kanuni haimruhusu.

Ile orodha ya kasoro zinazorudiwa bure siku inayofuata inafaa kusomwa kwa makini kuliko kanuni yenyewe, maana humo ndimo fikra za walioitunga zinapoonekana. Zimo taa, honi, vioo vya pembeni, waipa na maji yake, kioo cha mbele, milango, boneti, viti, mikanda, namba za gari, kifuniko cha tangi la mafuta, betri, tairi na rimu. Hazimo breki zenyewe, viungo vya usukani, springi na shokamzoba, moshi, wala kutu ya bodi. Mstari umechorwa mahali panapoeleweka. Upande mmoja ni vitu ambavyo ubovu wake hauvuki mipaka yake: balbu ikibadilishwa, inawaka au haiwaki, na kubadilishwa kwake hakugusi kitu kingine. Upande wa pili ni vitu vinavyofanya kazi kwa kushirikiana, ambavyo ukifungua kimoja umeshagusa jirani yake. Hata mikanda ya usalama imekatwa vipande viwili: mkanda wenyewe umo kwenye orodha, lakini sehemu ya bodi unapofungwa haimo, kwa sababu hapo suala ni uzima wa bati. Mahali pekee ninapoona orodha imelegea ni tairi. Kubadilisha tairi ni kufungua na kufunga nati, na nati iliyolegea ni hatari kuliko tairi lililoisha kashata. Kina cha kashata kinachotakiwa ni milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wa tairi, kuzunguka tairi zima. Mkaguzi anayerudia tairi akapima kashata bila kuutazama upande wa ndani wa tairi na nati za rimu, kwa maoni yangu amefanya nusu ya kazi.

Tuziangalie breki kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo marudio yanapoonyesha nguvu zake. Tuchukulie gari dogo lililofeli kwa sababu gurudumu la mbele kulia lilitoa nguvu ya kilo 240 kwenye mashine ya roli na la kushoto kilo 140. La kushoto limefika asilimia 58 tu ya mwenzake, na kanuni inataka isipungue asilimia 70. Likishuka chini ya 50 kwenye magurudumu yanayogeuzwa na usukani, kasoro inahamia daraja la hatari. Gari la namna hiyo likifungwa breki ghafla kwenye mvua huvuta upande mmoja. Fundi anaweza kukuta pistoni ya kalipa imeganda kwa kutu, au mpira wa kupitishia mafuta ya breki umevimba ndani. Anabadilisha, anatoa hewa kwenye mfumo, gari linarudi. Mkaguzi hahitaji kujua nini kilibadilishwa. Anaziona namba mpya, tuseme 235 na 220, na swali la mlingano limejibiwa na mashine. Lakini mafuta ya breki ni mamoja kwa magurudumu yote manne, na hewa iliyobaki baada ya kazi ya mbele inaweza kuonekana kwenye pedali au nyuma. Kwa hiyo mkaguzi makini hatosheki na ekseli moja. Hupima pia nguvu ya jumla dhidi ya uzito wa gari, ambayo inatakiwa kufika asilimia 50 kwa magari yaliyoanza kutumika kabla ya Septemba 2010 na 58 kwa yaliyofuata. Gari la kilo 1,200 la kundi la kwanza linahitaji basi kilo 600, la kundi la pili karibu kilo 700. Namba hizo hazijali sura ya mwenye gari wala risiti aliyokuja nayo.

Kutu ni habari nyingine, kwa sababu hapo mashine haisaidii. Kila majira ya baridi Waingereza humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hupanda chini ya gari na kukaa. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar hahitaji kuelezwa chumvi inalifanyia nini bati. Kanuni haiangalii kutu yote kwa jicho moja. Inayohesabiwa zaidi ni ile iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mikanda, springi, usukani au breki zinapoungwa na bodi. Bati likiwa limeoza hapo, gari linaanguka, na likirudi kinachokaguliwa ni kiraka. Kinatakiwa kiwe kimechomelewa kuzunguka kingo zake zote bila kukatika. Kuchomelea nukta nukta kunakubalika tu pale kiwandani nako walipofanya hivyo. Puti na faiba hazihesabiki kuwa matengenezo ya sehemu inayobeba mzigo, hata zikipigwa rangi zikang’aa. Tatizo ni kwamba mkaguzi wa MOT haruhusiwi kufungua wala kubomoa chochote. Ana macho, vidole, na kifaa kidogo cha kukwangulia na kugongea taratibu. Kiraka kilichopakwa lami nyeusi asubuhi ileile kinaweza kuwa kimechomelewa vizuri, na kinaweza kuwa kimefunika bati lililooza pembeni yake, ambalo litaachia muungo miezi sita baadaye. Namba za roli zingeumbua kazi mbaya ya breki siku hiyohiyo. Kiraka kibaya hujiumbua barabarani, cheti kikiwa bado hai.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nisikubaliane na wanaoyasifu marudio kwa jumla au kuyalaani kwa jumla. Yana nguvu pale matokeo ya matengenezo yanapoweza kupimwa papo hapo, na ni dhaifu pale kasoro inapoweza kufichwa kwa saa moja. Mfano mzuri wa udhaifu huo ni taa ya injini kwenye dashibodi, ambayo tangu Mei 2018 huliangusha gari ikibaki imewaka. Mwenye skana ya bei ndogo huifuta hitilafu kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari, taa inazimika, gari linapita, na taa inarudi baada ya mwendo wa siku mbili tatu. Mwingine huazima tairi za ndugu yake kwa asubuhi moja, kama huku kwetu kizimamoto na pembetatu ya akiba vinavyohama kutoka gari hadi gari kila msako unapotangazwa. Lakini tazama vizuri: ujanja wa namna hii haukuzaliwa na ufinyu wa marudio. Skana inafanya kazi vilevile kabla ya ukaguzi wa kwanza, na tairi za kuazima zingepita kwenye ukaguzi kamili bila shida yoyote. Kuurefusha ukaguzi wa pili kusingewazuia hawa.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapopungua uzito. Wanaotaka kila gari lililofeli likaguliwe lote upya husema kwamba gari moja lenye kasoro tatu huenda lina ya nne iliyopitwa. Inawezekana, kwa maana wakaguzi ni binadamu, na DVSA yenyewe hukagua upya sampuli ya magari yaliyokwisha kukaguliwa ili kuona wakaguzi wake wanakosea kiasi gani. Dawa ya mkaguzi aliyepitiwa, hata hivyo, ni kumsimamia mkaguzi, kumfundisha upya na kumnyang’anya kibali ikibidi. Kumpa gari lilelile alitazame mara ya pili ndani ya saa 24, macho yakiwa yaleyale na imani ikiwa ileile, hakuongezi mengi. Mwalimu aliyempa mwanafunzi masahihisho hasomi tena daftari zima. Hutazama alipoweka wino mwekundu. Kuna pia hesabu ya tabia za watu. Gharama ya kurudi ikiwa ndogo, mwenye gari bovu hurudi. Ikipanda, baadhi yao huendelea kuendesha wakisubiri kukamatwa, na gari ambalo lingetengenezwa breki wiki hii linabaki na breki zilezile mpaka mwisho wa mwezi. Siku 10 za nafuu ni chambo cha kumvuta mtu atengeneze haraka, na sioni aibu katika hilo.

Pingamizi la pili lina mizizi zaidi. Gereji inayofelisha mara nyingi ndiyo inayotengeneza, ndiyo inayorudia, na ndiyo inayolipwa kwa matengenezo. Kishawishi kipo cha kubuni kasoro, na kipo cha kuipitisha kazi yako mwenyewe. Jamhuri ya Ireland ilipoanzisha ukaguzi wake mwaka 2000 iliikwepa njia hiyo: vituo vya ukaguzi havitengenezi magari, gari huenda kwa fundi na kurudi, na marudio ya kutazama kwa macho tu, yasiyohitaji mashine, hayalipiwi. Ireland ya Kaskazini nako wakaguzi ni watumishi wa serikali. Mfumo wa kutenganisha ni safi zaidi kwenye karatasi, na kama ningekuwa naandika sheria kuanzia mwanzo ningeuelekea. Lakini nao una gharama zake. Januari 2020 nyufa ziligunduliwa kwenye lifti 48 kati ya 55 za vituo vya Ireland ya Kaskazini, na ukaguzi wa magari madogo ukasimamishwa, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Gereji 20,000 haziwezi kuharibika zote siku moja. Isitoshe, mfumo wa Uingereza unampa mwenye gari silaha ambayo wengi hawaitumii: hakuna anayemlazimisha kutengeneza pale alipofelia. Anaweza kuchukua karatasi yake, akaenda kwa fundi anayemwamini, akarudi ndani ya siku 10. Kinga halisi dhidi ya gereji yenye tamaa imo katika kanuni hizohizo za marudio, kwa yule anayezijua.

Lipo pingamizi la tatu ambalo wenye kutetea ukaguzi hupenda kulikwepa. Mwaka 1992 mtafiti Stein Fosser alichapisha matokeo ya jaribio kubwa la Norway. Magari yapatayo 204,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: yaliyokaguliwa kila mwaka, yaliyokaguliwa mara moja katika miaka mitatu, na ambayo hayakuitwa kabisa. Hali ya kiufundi ya magari yaliyokaguliwa ilikuwa bora. Ajali hazikutofautiana. Huko Marekani, jimbo la New Jersey liliacha kukagua ubovu wa mitambo ya magari ya watu binafsi mwaka 2010, na Texas ikaacha ukaguzi wa usalama wa magari yasiyo ya biashara tangu Januari 2025. Siwezi kulipuuza jaribio lililopangwa vizuri namna ile kwa sababu tu halinipendezi. Ajali nyingi huanzia kwa dereva, mwendo, pombe na barabara, kwa hiyo hata ukaguzi bora husogeza namba kidogo. Ila Norway ya miaka ile ilikuwa nchi ambayo mwenye gari hupeleka gari gereji hata asipoitwa, na matokeo yake hayahami yenyewe kwenda mahali ambapo basi hutembea na tairi kipara mpaka lipasuke. Zaidi ya hapo, ushahidi huo unawaumiza wanaotaka ukaguzi mzima kila gari linaporudi kuliko unavyoniumiza mimi. Kama ukaguzi kamili mmoja una faida yenye kikomo, wa pili ndani ya wiki hiyohiyo una faida ndogo zaidi, na fedha zake zingefaa kwenda kwa askari anayepima magari njiani.

Ninapoona dosari isiyo na utetezi ni katika lugha ya cheti. Kisheria, kilichotolewa kwenye marudio kina uzito uleule wa kile kilichotolewa kwa gari lililopita moja kwa moja, na mtu asiyechimba hawezi kujua kwamba springi, usukani na moshi havikuguswa siku ile. Hata ukaguzi kamili hauangalii hali ya injini, klachi wala giaboksi, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Katika mazingira hayo muuzaji anayesema “lina MOT mpya ya wiki iliyopita” hadanganyi, na mnunuzi anayesikia “gari zima liko sawa” amejidanganya mwenyewe. Hili linatugusa. Kenya, Uganda na Tanzania zinaendesha kushoto kama Uingereza, magari ya huko yanatufaa bila kubadilishwa usukani, na kila yanapotangazwa kuuzwa MOT huwekwa mbele kama sifa. Kenya hudai gari lililotumika likaguliwe kabla ya kupakiwa melini na lisizidi umri wa miaka 8. Ukaguzi huo ni mwingine kabisa, na MOT haiuchukui nafasi yake.

Kwa hiyo, ukiagiza gari Uingereza, mwombe muuzaji namba ya usajili ufungue historia ya MOT kwenye tovuti ya serikali yao. Ni bure, na kumbukumbu zinarudi nyuma hadi mwaka 2005, pamoja na maili zilizosomwa kwenye kila ukaguzi. Tafuta mahali palipoandikwa kufeli na kupita kwa tarehe zinazofuatana, kisha usome kilichoandikwa kwenye kufeli. Kama ni balbu, waipa au namba ya nyuma, endelea na mazungumzo ya bei. Kama ni breki, mwulize nini hasa kilibadilishwa na akutumie risiti ya gereji. Kama ni kutu karibu na springi au mikanda, dai picha za chini ya gari zilizopigwa baada ya kuchomelewa na kabla ya kupakwa lami. Asipokuwa nazo, usitume hela.